Klabu ndogo ya Ujerumani inachaguaje uwanja wa muda kwa mechi ya nyumbani? Tuna mechi kubwa Mwanza na uwanja wetu haufai

Katibu_Ilemela

Wakuu, salaam. Naomba majibu ya kiutendaji kutoka kwa wanaoijua kazi hii.

Klabu yetu ni ya daraja la chini hapa Ilemela. Tumepangwa nyumbani kwenye kombe dhidi ya timu ya Ligi Kuu. Uwanja tunaotumia hauna uzio, vyumba vya kubadilishia nguo ni madarasa, na watazamaji hukaa kwenye mteremko wa mawe. Hautapita ukaguzi, hilo tumeshakubaliana. Ubishi ni twende wapi. Wachezaji wanataka uwanja wa Nyamagana kwa sababu kapeti lake (nyasi bandia) wamelizoea. Viongozi wanataka uwanja wa Kirumba kwa sababu ya viingilio. Wapo pia wanaosema tuipeleke Shinyanga au Bukoba, eti wageni wana mashabiki wengi huko na tiketi zitaisha. Na juzi limeibuka wazo la nne: tubaki kwetu, tuzungushie mabati na kujenga jukwaa la muda la vyuma.

Nafuatilia mpira wa Ujerumani, na naona kule jambo hili hutokea kila Agosti, raundi ya kwanza ya DFB-Pokal (kombe la Ujerumani), timu za mitaani zinapopangwa na Bayern au Dortmund. Wao huanza na kigezo kipi, kinafuata kipi? Na kipi kati ya hivyo kinafaa huku Kanda ya Ziwa? Tunategemea watu 8,000 hadi 10,000. Tuna wiki tano.

Mdau_wa_Pokal

Mkuu Katibu, wenzetu kabla ya kuchagua wanafuta kwanza. Wanaorodhesha kila uwanja unaofikika, halafu wanafuta ule usiotimiza sharti ambalo halina mjadala: idadi ya watu, aina ya nyasi, taa, tarehe, na kauli ya polisi. Kinachobaki ndicho kinachopigiwa hesabu ya pesa. Ninyi mmeanza na pesa na mazoea, ndiyo maana mna kambi nne. Mnaweza kubishana wiki tatu juu ya uwanja ambao siku hiyo una tamasha.

Mifano ya kufutwa ni mingi kwenye ligi yao ya daraja la tatu, 3. Liga. Kwa miaka mingi ilidai uwanja wa watu 10,000 wenye viti visivyopungua 2,000. KFC Uerdingen ilipopanda 2018 haikuruhusiwa kutumia Grotenburg, uwanja wake wa Krefeld. Ikaenda Duisburg, msimu uliofuata Düsseldorf, mwishoni Lotte. SC Verl ilipanda 2020, ikacheza Paderborn na baadaye Lotte, ikarudi kwake 2022 baada ya kupanua uwanja na baada ya sharti la idadi kulegezwa. TSV Havelse msimu wa 2021/22 ilihamia Hannover, jirani kabisa. Angalia Uerdingen vizuri: arena ya Düsseldorf inabeba zaidi ya watu 50,000, na timu ya daraja la tatu inaingiza elfu chache. Kodi, walinzi, umeme na usafi vinahesabiwa kwa ukubwa wa jengo, si kwa idadi ya waliokuja. Viongozi wenu wanaoitaka Kirumba kwa ajili ya viingilio waombe kwanza orodha ya gharama zote za siku, ndipo waseme ina faida.

Kwenye Pokal njia ni tatu. Ya kwanza ni kubaki nyumbani. SV Drochtersen/Assel walifanya hivyo Agosti 2018 dhidi ya Bayern: waliongeza majukwaa kwenye uwanja wao mdogo wa kijijini, wakafungwa 1-0, bao la Lewandowski dakika za mwisho mwisho. Ya pili ni kuhamia uwanja wa jirani wenye ukubwa wa kati. SV Rödinghausen mwaka huohuo waliipeleka Bayern mjini Osnabrück, wakafungwa 2-1 na kuwahangaisha mpaka mwisho. FC Nöttingen 2015 walikwenda Karlsruhe, FC Rielasingen-Arlen 2017 wakaipeleka Dortmund mjini Freiburg. Ya tatu ni kukimbilia uwanja mkubwa kabisa. Bremer SV waliichezea Bayern kwenye Weserstadion Agosti 2021, wakafungwa 12-0. Tofauti ya ubora ilikuwa kubwa na sisemi uwanja ndio uliofunga mabao hayo, ila timu ya daraja la nne au la tano ikiwekwa katikati ya jengo la watu 40,000 inakuwa mgeni kwenye mechi yake.

Mfano unaogusa ubishi wenu moja kwa moja ni Union Berlin. Alte Försterei yao inabeba watu takribani 22,000 na wengi wao husimama. Ligi ya Mabingwa 2023/24 waliamua kuchezea Olympiastadion ili wanachama wengi zaidi wapate tiketi. Uwanja ulijaa. Wakapoteza mechi zote tatu za makundi walizochezea humo, kila moja kwa tofauti ya bao moja: Braga 2-3, Napoli 0-1, Real Madrid 2-3. Olympiastadion ina njia ya riadha, kelele zinafika uwanjani zikiwa zimepungua nguvu. Pesa waliipata, presha ya Köpenick, mtaa wa uwanja wao, waliiacha nyumbani.

Kinyume chake ni 1. FC Saarbrücken. Ludwigspark yao ilipokuwa inajengwa upya, walikaa miaka minne Völklingen, mji wa pembeni tu, kwenye uwanja mdogo. Machi 2020, wakiwa daraja la nne, waliitoa hapo Fortuna Düsseldorf kwa matuta 7-6 baada ya sare ya 1-1 na kuingia nusu fainali ya Pokal. Ukaribu ulishinda ukubwa.

La mwisho kutoka Ujerumani, na hili liandikeni kwenye ukuta wa ofisi: Teutonia 05 Ottensen ya Hamburg, 2022. Walipangwa na RB Leipzig, hawakupata uwanja uliokubalika jijini kwao, wakachukua uwanja wa Dessau, mbali kabisa. Siku chache kabla ya mechi watu wasiojulikana wakaharibu nyasi za Dessau. Muda ulikuwa umekwisha, mechi ikachezwa Leipzig, nyumbani kwa mpinzani, wakafungwa 8-0. Uwanja wa akiba unatakiwa uwe na barua iliyosainiwa kabla ya siku hiyo kufika. Hata wakubwa yanawakuta: Mei 2025 Simba walicheza marudiano ya fainali ya Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane kule Amaan, Zanzibar, kwa kuwa Mkapa haikukubaliwa.

Jambo moja la kwao msiliige: ligi zao za juu zinataka nyasi asilia. Huku nyasi bandia zinachezewa mechi za mashindano bila shida, kwa hiyo Nyamagana haifutwi kwa sababu ya kapeti. Someni kanuni za kombe lenu za msimu huu, hizo ndizo zinazofuta.

Fundi_Nyasi

Naongezea upande wa chini, yaani pale mpira unapogusa.

Kirumba ni nyasi asilia, Nyamagana ni bandia. Ukaguzi wake haufanani, na wengi huenda na macho tu. Nendeni na futi ya mita 50, rula, mpira uliojaa vizuri na ndoo ya maji.

Kwenye nyasi asilia anzeni na vipimo: mita 105 kwa 68 ndicho kipimo cha kawaida. Pimeni pia ulalo kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, maana uwanja uliopigwa chokaa kwa haraka huwa umepinda, na mwamuzi msaidizi akisimama kwenye mstari uliopinda ataona offside isiyokuwepo. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44. Pimeni urefu katikati ya mwamba wa juu, si kwenye nguzo, kwa sababu vyuma vya zamani huning'inia katikati. Halafu tazameni mdomo wa goli, nukta ya penalti na njia ya mshika kibendera: vipara huanzia hapo. Mkimwaga ndoo ya maji kwenye kipara na dakika kumi baadaye bado yametuama, udongo umeshindiliwa na mvua ya nusu saa itawaletea dimbwi ndani ya boksi. Dawa ni kutoboa kwa uma mkubwa sentimita 10 hadi 15 kwenda chini na kujaza mchanga, wiki tatu kabla. Ikifanywa siku mbili kabla, mchanga unakuwa haujashika na mchezaji anateleza.

Nyasi ziwe milimita 25 hadi 30 siku ya mechi. Msikubali zikatwe mara moja kutoka milimita 60. Kata theluthi moja tu ya urefu kila mara, na mkato wa mwisho ufanyike asubuhi ya mechi au jioni iliyotangulia. Ukikata kwa pupa, nyasi zinabaki njano na mashina magumu, mpira unadundadunda.

Halafu kalenda. Viwanja vyetu hubeba mikutano, maombi na matamasha. Jukwaa la muziki likikaa juu ya nyasi siku mbili tatu, chini yake panabaki pameungua, na magari ya spika yanaacha mifereji ya matairi. Kwenye mkataba andikeni kwamba siku saba kabla ya mechi hakuna shughuli yoyote kwenye eneo la kuchezea, hata bonanza la maveterani.

Sasa kapeti. Kwanza ulizeni lilipimwa lini. Cheti cha FIFA cha ngazi ya Quality hudumu miaka mitatu, cha Quality Pro mwaka mmoja, na kanuni nyingine zinadai cheti kilicho hai. Pili, tembeeni kwenye maungio, hasa mistari ya boksi na sehemu za kona. Ukiweza kuingiza vidole vinne chini ya ungio, mtu atavunjika kifundo hapo. Gundi inahitaji siku kavu, kwa hiyo hii ni kazi ya wiki ya kwanza. Tatu, chembechembe za mpira: husogea kutoka mdomo wa goli kwenda pembeni, nyuzi zinalala na uwanja unakuwa mgumu na wa kuteleza. Zirudishwe kwa brashi inayokokotwa, uwanja mzima, kwa urefu na kwa upana.

Joto ndilo watu wanalisahau. Kapeti kwenye jua kali linaweza kupita nyuzi 60 juu ya uso wake wakati hewa ni 30 tu. Mwagieni maji nusu saa kabla ya mchezo na tena mapumziko. Maji hayo yanahitaji pampu na mipira ya kufika katikati, kwa hiyo ulizeni vipo au havipo. Na wageni wajulishwe mapema kwamba ni kapeti, ili waje na njumu za meno mafupi. Meno marefu ya chuma yanachana nyuzi, na yanamkwamisha mchezaji goti likageuka mguu ukiwa umebaki palepale. Wachezaji wenu kulizoea kapeti ni faida ya kweli: mpira unakimbia zaidi, unadunda juu zaidi, na pasi ndefu ya nyuma ya mabeki hutoka nje kwa asiyezoea.

Wazo la jukwaa la vyuma nalipinga kabisa kwa muda mlio nao. Jukwaa la muda ni kazi ya wahandisi. Düsseldorf walijengewa uwanja mzima wa muda wa watu karibu 20,000 pembeni ya arena yao mwaka 2011, kwa kuwa arena ilikuwa na shindano la muziki la Eurovision, lakini hapo palikuwa na kampuni ya kazi hiyo, hesabu za uzito na ukaguzi. Upande wa pili kuna Bastia, Ufaransa, 5 Mei 1992. Klabu iliongeza jukwaa la vyuma haraka haraka kwa ajili ya nusu fainali ya kombe dhidi ya Marseille. Lilianguka kabla ya mechi kuanza. Watu wasiopungua 18 walifariki na zaidi ya 2,000 waliumia. Vyuma vya kukodi vinavyotumika kwenye ujenzi na sherehe havikuundwa kubeba watu wanaoruka pamoja. Mashabiki wakiruka kwa mdundo mmoja, nguvu ya kusukuma pembeni ndiyo inayoangusha, na mafundi wengi huweka nguzo za wima wakapuuza zile za mshazari. Halafu kama hapo kwenu kuna udongo mweusi, ukilowa unalainika na sahani ya nguzo inazama upande mmoja.

Katibu_Ilemela

Asanteni sana. Jukwaa la vyuma nimeliondoa mezani. Sasa naomba mnisaidie mageti na saa ya kuanza. Mechi ni Novemba. Na je, niwaambie nini wanaong'ang'ania Shinyanga au Bukoba?

Mratibu_Mageti

Katibu, idadi ya watu mtakaowaingiza huamuliwa na milango, siyo na viti. Chukueni watu 9,000 tupige hesabu.

Kanuni za Ujerumani za majengo ya mikusanyiko zinadai mita 1.20 za upana wa njia ya kutokea kwa kila watu 600 kwenye uwanja wa wazi. Watu 9,000 gawa kwa 600 ni 15, mara 1.20 ni mita 18. Nendeni na futi mpime kila geti linaloweza kufunguka kwelikweli. Geti la mita nne lenye bawa moja lililochomelewa ni la mita mbili. Geti lenye kibanda cha chipsi mbele yake halihesabiwi. Mkipata mita 12 tu, uwanja huo kwenu ni wa watu 6,000, hata kama ubao unasema 15,000, na mnachapisha tiketi 6,000.

Kuingia ni hesabu nyingine. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Waingereza unaweka kikomo cha watu 660 kwa saa kwa kila kizungushi (kigeti cha chuma kinachozunguka na kupitisha mtu mmoja mmoja). Hapo ni kizungushi kizuri na tiketi inayosomeka haraka. Kwa kupekua mifuko na kuchana tiketi kwa mkono, pangeni nusu, yaani 330. Watu wetu hufika saa ya mwisho. Tukisema theluthi mbili, ni 6,000 ndani ya saa moja. Gawa kwa 330: mnahitaji mistari 19. Uwanja wenye milango sita unaoweka mistari miwili kila mlango una 12, kwa hiyo mechi itaanza watu 2,000 wakiwa nje, wanasikia shangwe, wanasukuma. Msukumano wa getini huanza hivyo. Njia ya kuupunguza ni kufungua mapema, saa tatu kabla, na kuuza tiketi zote siku zilizotangulia, pasiwe na dirisha la tiketi jirani na geti. Kama lazima dirisha liwepo, liwe angalau mita mia mbili kutoka uzio.

Wasimamizi wa usalama: msingi wa kuanzia ni mmoja kwa watu 250, kwa hiyo 36, bila kuhesabu polisi wala wauza tiketi. Kila geti la kutokea liwe na mtu wake mwenye ufunguo, asiyetoka hapo mpaka uwanja uwe mtupu. Kufuli moja ambalo mwenye ufunguo yuko jukwaa kuu linaua watu.

Mashabiki wa wageni wapeni eneo lao, geti lao na njia yao ya kutokea. Ujerumani desturi ni asilimia 10 ya nafasi. Timu kubwa za kwetu zina mashabiki kila mtaa na wengine watakaa mzunguko na jezi zao. Kwa hiyo pangeni asilimia 10 kwa waliosafiri pamoja, na kwa mzunguko uliochanganyika acheni ngazi za kupitia wazi na wekeni wasimamizi ndani, si getini tu.

Saa ya kuanza. Mwanzoni mwa Novemba jua la Mwanza linazama karibu saa 12:35 jioni. Mechi ya kombe ikianza saa 10:00 kamili, dakika 90 na mapumziko zinaisha karibu saa 11:55. Pumziko dogo, dakika 30 za nyongeza na zile zinazopotea, mmefika saa 12:33. Matuta yanapigwa gizani. Kama taa hazipo au hamziamini, anzeni saa 9:00 alasiri. Kapeti litakuwa la moto, kama Fundi alivyosema, lakini mechi itaisha.

Na Novemba ni mvua za vuli. Radi ikipiga karibu, yaani kati ya mmweko na ngurumo haipiti sekunde 30, utaratibu unaokubalika ni kusimama na kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ngurumo moja tu imekula nusu saa yenu ya mwanga. Saa 9:00 inawapa nafasi ya kusubiri, saa 10:00 haiwapi.

Igoma_Stendi

Kuhusu Shinyanga na Bukoba, tena kwa ufupi. Shinyanga ni takribani kilomita 165. Kambarage ni uwanja wenye historia ya Ligi Kuu, lakini basi za mashabiki wenu mtazilipia ninyi au hawatakuja. Bukoba kwa barabara ni safari ya siku nzima, kwa meli ni usiku kucha, na timu inafika haijalala. Kaitaba ina kapeti zuri ila ni nyumbani kwa watu wengine. Geita imekuwa karibu zaidi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena. Kama mnataka uwanja wa akiba nje ya jiji, naona huko kabla ya Bukoba.

Ila hoja yao yenyewe ndiyo mbaya. Kuchagua mji kwa kuwa wageni wana mashabiki wengi ni kuuza uenyeji. 1. FC Düren walicheza na Bayern palepale Allianz Arena Oktoba 2020, lakini ilikuwa korona na hakukuwa na namna. Ninyi mna namna.

Ndani ya jiji: Nyamagana ipo katikati, watu wa Buhongwa, Igoma, Nyakato na Kisesa wanafika kwa daladala moja na kutembea kidogo. Kirumba inategemea barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Mechi ikiisha, watu elfu tisa wanaingia barabara hiyo moja pamoja na magari ya abiria wa ndege. Ongeeni na trafiki mapema, na daladala zipangwe kusubiri pande zote mbili, zisijazane mbele ya geti kuu.

Mdau_wa_Pokal

Igoma kasema vizuri. Nimalizie taa na mkataba, maana hapo ndipo mechi nyingi huharibika mezani.

Mkiamua kutegemea taa, ulizeni ni za aina gani. Taa za metali halaidi zikizimika zikiwa za moto haziwaki tena mpaka zipoe, dakika 10 hadi 20. Umeme ukikatika sekunde mbili tu, jenereta ikashika papo hapo, bado mnakaa gizani robo saa. Taa za LED zinarudi mara moja. Jaribio la kweli ni kuwasha zote usiku, kuziacha nusu saa, kukata umeme wa gridi kwa makusudi na kushika saa. Meneja wa uwanja akikataa jaribio hilo, mmepata jibu lenu. Tena mwanga huvuta wadudu wa ziwani kwa makundi usiku; msiweke taa za ziada karibu na mabenchi ya ufundi.

Kama kuna televisheni, gari lao la matangazo linahitaji sehemu ngumu ya kuegesha na umeme wake. Kamera kuu hukaa upande wa magharibi ili jua la jioni liwe mgongoni kwake. Jukwaa mtakalowapa lisiwe lile mliloliuzia tiketi za VIP, vinginevyo asubuhi ya mechi mnahamisha watu.

Mkataba wa kodi uwe na haya, kwa maneno ya wazi. Tarehe ya mechi na siku ya akiba ikiahirishwa na mvua, kodi ileile. Siku ngapi za mazoezi zimo, na wageni wana kipindi chao siku moja kabla kwa saa ileile ya mechi. Nani analipa maji, umeme, mafuta ya jenereta, usafi, chokaa na nyavu. Kodi ni kiasi kilichokatwa au asilimia ya mapato. Kwa timu ndogo asilimia ni salama zaidi, kwa sababu mvua ikifukuza watu mwenye uwanja anabeba hasara pamoja nanyi. Mabango ya wadhamini wa uwanja yanabaki au yanafunikwa, maana mdhamini wenu wa soda hatakubali bango la soda nyingine nyuma ya goli. Na ukaguzi wa makabidhiano, kabla na baada, kwa picha zenye tarehe na saini za pande mbili: viti, vioo, masinki ya vyumbani. Bila picha mtalipia viti vilivyovunjika miaka mitatu iliyopita.

Ratiba ya wiki tano: wiki ya kwanza pelekeni maombi ya tarehe kwa wamiliki wa viwanja viwili kwa pamoja, Nyamagana na Kirumba, na mwende kupima mageti na eneo la kuchezea. Wiki ya pili mwalikeni polisi, zimamoto na mtu wa afya watembee uwanjani nanyi. Wao ndio watakaosema idadi ya mwisho, kwa hiyo tiketi zisichapishwe kabla yao. Wiki hiyohiyo pelekeni jina la uwanja na la akiba kwa chama cha soka, kwa maandishi, mpate nakala iliyogongwa muhuri. Wiki ya tatu ni marekebisho: maungio, vipara, kufuli, taa. Ya nne tiketi ziingie sokoni. Ya tano kikao cha maandalizi na kamishna wa mchezo, mkiwa na rangi za jezi, mahali gari la wagonjwa litakaposimama, na geti ambalo litabaki tupu kwa ajili yake mpaka mwisho.

Ukiniuliza mimi, kwa watu 9,000 na timu iliyozoea kapeti, ningeipima Nyamagana kwanza. Mita za mageti zikitosha watu 7,000, ningeuza 7,000 na kubaki hapo saa 9:00 alasiri, Kirumba ikiwa na barua ya akiba. Zikitoa chini ya 5,000, ningehamia Kirumba, nikafunga sehemu ya mzunguko na kuwakusanya watu wetu karibu na mabenchi na nyuma ya goli moja.

Katibu_Ilemela

Nimeelewa. Kesho asubuhi tunakwenda na futi viwanja vyote viwili, na barua mbili za maombi ya tarehe zimeshaandikwa. Fundi, ule uma wa kutobolea unapatikana wapi hapa mjini, au tuchongeshe?

Fundi_Nyasi

Chongesheni kwa mafundi wa kuchomelea. Nondo za milimita 12, meno manne, urefu wa sentimita 20, yapishane sentimita 10, na bomba la kukanyagia kwa juu. Uma tatu za namna hiyo zinatosha. Mkitoboa, vuta uma moja kwa moja juu, msiutikise kwenda mbele na nyuma, vinginevyo mnapasua mizizi. Mchanga uwe wa mto uliooshwa, usiwe wenye vumbi la udongo, maana huo ukikauka unaziba matundu yote mliyotoboa.